Mbuzi Mwenye Mimba na Urefu wa Kamba Yake

Mazungumzo ya Kamati ya Mifugo mbele ya wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, Kibiti



Kamati yetu ilipopewa nafasi hii tuliambiwa tueleze mafanikio ya mifugo. Mafanikio yapo, na wenzetu wa hesabu watayasoma: hisa, mgao, mabati yaliyoezekwa, ada za shule zilizolipwa. Sisi tumeona tumzungumzie mbuzi mwenye mimba. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, katika miaka hii kumi hakuna jambo lililotugombanisha kama yeye. Pili, tuna ombi kwa mkutano huu, na ombi lenyewe halieleweki mpaka mbuzi aeleweke.

Tulipoanza, mwanzoni mwa mwaka 2015, Kibiti ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Rufiji. Tulikuwa wakulima wa mpunga, mhogo, ufuta na korosho, na wenzetu wa Delta walikuwa wavuvi na wakaanga samaki. Ufugaji haukuwa kazi yetu sana. Bonde hili lilijulikana kwa mbung'o, na ng'ombe wengi tuliwaona baada ya wenzetu wafugaji kuhamia huku, hasa kuanzia mwaka 2006 na 2007. Mbuzi tulikuwa naye mmoja mmoja, wa akiba, wa akika, wa mgeni. Kumfuga kwa deni hatukuwa tumezoea.

Mwaka 2018 tukaamua: kila mwanachama mwenye hisa za kutosha akope anunue mbuzi jike. Tulipiga hesabu ubaoni, hesabu tamu kweli. Mbuzi anabeba mimba miezi mitano, anazaa, pengine mapacha, kitoto kinauzwa, deni linalipwa, mama anabaki. Marejesho yakaanza mwezi wa pili baada ya mkopo. Nani angepinga?

Mwenzetu mmoja, jina lake hatulitaji hapa ingawa wengi mnamjua, alinunua mbuzi mzuri wa kienyeji. Akampandisha mwezi wa Juni, mbuzi akiwa amenona kwa majani ya masika. Akamfunga kamba chini ya mkorosho, maana shamba la jirani lilikuwa na mihogo na hakutaka kesi. Kila asubuhi alimhamisha kidogo. Julai majani yalikuwepo, Agosti yakapungua, Septemba yakakauka. Oktoba mbuzi alikuwa anakula vijiti na majani makavu ya mkorosho, na tumbo linazidi kukua. Sisi tulipopita tulisema, "Mwenzangu, mbuzi wako kanenepa!" Kumbe hakuwa amenenepa. Tumbo lilikuwa la watoto, na mgongoni palikuwa mifupa.

Novemba alizaa mapacha, wadogo, hawawezi kusimama vizuri. Kiwele kilikuwa kitupu. Mmoja alikufa usiku ule ule, wa pili siku ya tatu. Na tarehe ya marejesho ikafika.

Tukamwendea nyumbani na kitabu. Tulikuwa watano. Tulisema maneno ya uzembe, na mmoja wetu alisema hata maneno ya kijicho. Yule dada hakujibu. Wiki ile ile aliuza magunia mawili ya mpunga, mpunga wa kula na wanawe, akalipa mpaka senti ya mwisho. Tukampigia makofi kwenye kikao. Kikao kilichofuata hakuja, wala kingine, na mwisho akatuma mtu achukue hisa zake.

Mwaka uliofuata yakatokea mengine mawili. Mbuzi wa mwenzetu mwingine, mwenye mimba ya mapacha, aliacha kula wiki tatu kabla ya kuzaa, akajitenga, akalala chini, akafa na watoto tumboni. Wa tatu alizaa kitoto kimoja kikaishi, lakini mama alikonda akabaki ngozi, na alikaa zaidi ya mwaka bila kushika mimba tena. Hapo ndipo tulipoacha kusema uzembe. Wanawake watatu, nyumba tatu, kosa moja. Basi hilo lilikuwa kosa la kikundi. Tukamwita Bibi Mifugo.

Mbao na misumari

Bibi Mifugo hakuanza na dawa. Alituuliza: fundi wa mashua akiwa na mbao mia na misumari ya mbao kumi tu, mashua itakuwa na mbao ngapi? Tukajibu, kumi. Na zile tisini? Kuni.

Akasema protini ndivyo ilivyo. Nyama ya mwili, maziwa, damu, manyoya, kitoto tumboni, vyote vimejengwa kwa protini, na protini imeungwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino. Viko vya aina ishirini. Vingine mwili unajitengenezea wenyewe. Karibu nusu hauwezi, au hautengenezi vya kutosha, lazima viletwe na chakula. Kikikosekana kimoja, vingine havina kazi. Mwili unavichoma kama kuni na mabaki yanatoka na mkojo. Katika mahindi kinachopungua kwanza ni kile kiitwacho laisini. Katika kunde na maharage laisini iko nyingi, na kinachopungua ni methionini.

Hapo bibi mmoja wa kikundi akasema, "Kumbe ndiyo maana wali na kunde." Naam, ndiyo maana. Mpunga haujakamilika, kunde haijakamilika, lakini kwenye sahani moja kila mmoja unamwazima mwenzake. Bibi zetu hawakulijua jina la laisini, ila sahani waliijua.

Elimu hii wataalamu wanaitumia sana katika kulisha nguruwe na kuku. Wengi wetu hapa hatumfugi nguruwe, na hatukuja kuhimiza afugwe. Lakini wenzetu wa Mbeya, Ruvuma au Mbulu wanaomfuga wanajua jambo ambalo ni somo kwa kila anayenyonyesha. Nguruwe jike hubeba mimba siku 114 tu, na anaweza kunyonyesha watoto kumi na zaidi kwa pamoja. Akipewa pumba za mahindi peke yake, laisini ya maziwa haitoshi. Je, anaacha kutoa maziwa? Haachi mara moja. Anabomoa nyama ya mwili wake mwenyewe kuwalisha watoto. Anakonda, watoto wanadumaa, na mimba inayofuata inachelewa. Mama analipa deni kwa mwili wake. Tuliposikia hivyo tukamkumbuka yule mbuzi wa tatu, tukanyamaza.

Kiwanda kilichomo tumboni

Lakini mbuzi ana bahati ambayo nguruwe, kuku na binadamu hatuna. Anacheua. Katika tumbo lake kubwa wanaishi vijidudu wasiohesabika, wadogo wasioonekana kwa macho. Mbuzi akila majani, vijidudu ndio wanaokula kwanza. Wanazaliana, wanatengeneza protini yenye asidi amino zote, laisini ikiwemo, hata kama kwenye majani ilikuwa kidogo. Halafu wao wenyewe wanasukumwa kwenda mbele, mbuzi anawameng'enya. Mbuzi analisha shamba la vijidudu, kisha anavuna.

Kwa hiyo mbuzi hahitaji dagaa. Hili tulisisitize, kwa sababu wapo wenzetu wa Nyamisati na Mbuchi waliokuwa wameanza kumtwangia mbuzi dagaa. Dagaa ni wa mtoto kwanza, kisha mama mwenye mimba, kisha kuku kama wamebaki. Mbuzi kazi yake ni kuchukua majani ambayo sisi hatuwezi kuyala na kutupa maziwa na nyama yenye laisini tunayoihitaji.

Ila kiwanda hakiendeshwi kwa upepo. Vijidudu wanataka vitu viwili kwa pamoja: protini kiasi kutoka kwenye majani, na nguvu. Majani makavu ya kiangazi protini yake hushuka. Ikishuka chini ya sehemu kama saba katika mia, vijidudu wanadhoofika, majani yanakaa tumboni muda mrefu bila kumeng'enywa, na mbuzi anakula kidogo zaidi. Mbuzi mwenye mimba kubwa anahitaji kama sehemu kumi na moja au kumi na mbili katika mia, na anayenyonyesha anapita hapo. Tumbo linaonekana limejaa, kumbe ana njaa.

Miezi miwili ya mwisho

Mimba ya mbuzi ni siku kama 150. Katika miezi mitatu ya kwanza kitoto kinakua polepole, na mama akiwa na afya malisho ya kawaida yanamtosha. Sehemu kubwa ya uzito wa kitoto, zaidi ya nusu, huongezeka katika wiki sita hadi nane za mwisho. Wakati huo huo watoto wanalibana tumbo la chakula, kwa hiyo mama anahitaji zaidi na nafasi yake ni ndogo zaidi. Ndiyo maana hafai kujazwa mabua. Anataka chakula kidogo chenye nguvu, mara nyingi kwa siku.

Akikosa, yanatokea mambo matatu, na sisi tuliyaona yote. La kwanza, mwili unayeyusha mafuta yake kwa haraka mno mpaka damu inajaa sumu. Mbuzi anaacha kula, analala, anakufa. Hatari hiyo ni kubwa kwa mwenye mapacha. La pili, watoto wanazaliwa wepesi na dhaifu. La tatu, kiwele hakitengenezi dang'a ya kutosha. Na dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, si ya kumwaga hata tone. Kitoto cha mbuzi hakipati kinga ya magonjwa kikiwa tumboni. Kinaipata kwenye dang'a, na lazima ainywe ndani ya saa chache za mwanzo, kwa maana baadaye utumbo wake hauipitishi tena kinga hiyo.

Kuna la nne, la minyoo. Mbuzi anapokaribia kuzaa na anaponyonyesha, kinga yake dhidi ya minyoo hupungua, hasa akiwa na upungufu wa protini, na kinyesi chake kinamwaga mayai mengi pale pale kitoto kinapoanza kudokoa majani. Tulikuwa tunanunua dawa tu. Dawa ni lazima, lakini mbuzi aliyeshiba protini hupigana mwenyewe.

Sasa rudini kwenye kalenda yetu. Beberu anapanda Juni, mbuzi wakiwa wamenona. Juni kwenda Novemba ni miezi mitano. Ina maana miezi miwili ya mwisho inaangukia Septemba na Oktoba, kabla vuli haijaotesha majani. Mbuzi tulimpandisha wakati wa shibe azae wakati wa njaa, kisha tukamfunga kamba. Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Sisi kamba tuliishika wenyewe, tukamlaumu mbuzi na mwenye mbuzi.

Tunachofanya sasa

Vyakula hivi tunavipata hapa hapa, na tumeviandika ili anayesoma kijitabu hiki nyumbani avifuate.

Kunde zikivunwa, maganda na majani yake hatuchomi tena. Tunakausha kivulini, tunatia kwenye magunia, tunatundika darini. Majani ya viazi vitamu vile vile. Hii ndiyo akiba ya Septemba.

Mlusina tumepanda mipakani. Majani yake yana protini nyingi, na mti unabaki kijani wakati nyasi zimekauka. Mbuzi wetu wa kienyeji mwenye mimba kubwa anapewa kilo moja ya majani mabichi kwa siku. Usizidishe theluthi ya chakula chake chote, maana mlusina ukizidi una madhara, hata manyoya hunyonyoka. Mafuriko ya mwaka 2024 yalipoingia mashambani Rufiji na Kibiti, wenzetu wa bondeni waliopandisha mbuzi kwenye mwinuko waliishi kwa mlusina wa wenzao.

Kisamvu ni kizuri, lakini kikatwe jioni kinyauke mpaka kesho yake ndipo alishwe, kwa sababu ya sumu iliyomo.

Pumba za mahindi zichanganywe na mashudu, ya alizeti au ya ufuta. Gramu 200 hadi 300 kwa siku, asubuhi na jioni nusu nusu. Anza na kidogo, ongeza kwa wiki mbili. Aliyempa mbuzi debe la pumba kwa mkupuo anajua alivyovimba. Machicha ya nazi yanaongeza nguvu, lakini protini yake ni kidogo. Yasihesabiwe kama mashudu. Na pumba za mpunga zilizojaa makapi ni za kudanganya tumbo.

Chochote chenye ukungu tupa. Sumukuvu hupita mpaka kwenye maziwa, na maziwa yananywewa na watoto wetu.

Mbolea ya urea usimpe mbuzi kwa kukisia, hata kama umesikia kwamba wataalamu huitumia. Ikizidi kidogo inaua.

Maji yawepo wakati wote. Maziwa ni maji. Wenzetu wa Delta ambao visima vyao huingia chumvi wakati wa kiangazi, mbuzi anayenyonyesha apewe maji ya kunywa ya nyumbani hata ndoo nusu. Na mikoko tusiikate kwa ajili ya malisho. Ile ni misitu ya hifadhi, na ndiyo nyumba ya kamba na samaki tunaoishi kwao.

Mwisho, beberu. Asiyeweza kuweka akiba ya majani amzuie jike Juni, ampandishe Novemba au Desemba, azae Aprili au Mei majani yakiwa tele.

Tangu tuanze hivi vifo vya vitoto vimepungua. Havijaisha, lakini vimepungua, na marejesho yanakuja kwa wakati.

Na sisi je?

Siku ile Bibi Mifugo alipomaliza alituuliza swali moja nje ya mbuzi. Nani kati yenu, alipokuwa na mimba ya miezi minane, aliwekewa kipande cha samaki kikubwa kuliko cha mwenye nyumba? Tulicheka, halafu kicheko kikakatika. Nasi pia miezi ya mwisho ndiyo mtoto anapoongezeka uzito, na kunyonyesha kunataka chakula zaidi ya mimba yenyewe. Wala hatucheui. Hatuna kiwanda tumboni. Laisini yetu lazima iwe kwenye sahani: samaki, yai, kunde, choroko, maziwa. Akina baba mliokaa nyuma, mmesikia. Ugali na chumvi si chakula cha mwenye kunyonyesha.

Ombi letu

Bibi Mwenyekiti, tumefika. Kamati inaomba mkutano ukubali mambo matatu.

La kwanza, mkopo wa mbuzi usitolewe tena mtupu. Utoke pamoja na fungu la chakula cha miezi miwili ya mwisho ya mimba na miezi miwili ya kunyonyesha, au mkopaji aonyeshe magunia ya akiba na miche ya mlusina iliyoshika.

La pili, marejesho yaanze kitoto kikiachishwa, si kabla. Tulikuwa tunadai maziwa kwa mbuzi ambaye hajazaa.

La tatu ndilo zito. Yule mwenzetu wa mwaka 2018 hakuwa mzembe. Alitushika mkono kwenye hesabu yetu ya ubaoni, na hesabu ilikuwa na kosa. Sisi tulichukua mpunga wa wanawe. Tunaomba kutoka kwenye mfuko wa jamii atolewe thamani ya magunia mawili ya mpunga kwa bei ya leo, na nafasi yake ya hisa ifunguliwe kama anapenda kurudi. Tunajua wapo watakaosema deni ni deni, na sheria tuliziandika wenyewe. Ni kweli tuliziandika. Kwa hiyo sisi ndio wenye uwezo wa kuzisahihisha.

Mkutano ukikubali, tunaomba wale watano waliokwenda na kitabu ndio waende tena. Watatu kati yao wamo katika kamati hii, na tuko tayari kwenda hata leo jioni.